Mtoto Akishuka Kwenye Gari la Shule

Leo nataka tuzungumze habari ya magari ya shule, na nitaanza na msemo ambao sote tumeuzoea, kwamba ajali haina kinga. Msemo huu tunautoa msibani pamoja na majani ya chai na sukari. Mzee mmoja akishautamka, wengine huitikia, na maswali yote huishia hapo hapo. Mimi siupendi. Hata radi, ambayo hapa kwetu Rungwe tunaijua vizuri sana, imewekewa kinga, na ndiyo maana majengo mengine yana ule mchuma juu ya paa na waya unaoshuka mpaka ardhini. Sasa iweje gari linaloendeshwa na mtu mzima mwenye leseni, katika barabara ambayo njia yake inajulikana, na kwa saa ambazo hazibadiliki, tuseme halina kinga?

Wengi wetu tunakumbuka Mei 6, 2017. Siku hiyo gari dogo la abiria la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa linawapeleka wanafunzi wa darasa la saba Karatu, wakafanye mtihani wa majaribio pamoja na wenzao. Mvua ilikuwa inanyesha. Wakiwa kwenye mteremko wa Rhotia, gari likaacha njia na kutumbukia katika korongo la mto Marera. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walitoka hai, wakapelekwa Marekani kutibiwa, na wakarudi nyumbani miezi michache baadaye. Nchi nzima ililia, na majeneza yalipangwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid.

Halafu ikaja Mtwara, Julai 26, 2022. Gari la shule lilikuwa linakusanya watoto asubuhi, likatumbukia shimoni katika eneo la Mjimwema. Siku ile ile walihesabiwa marehemu 10, na 8 kati yao walikuwa wanafunzi. Kisha Arusha tena, Aprili 12, 2024, gari la wanafunzi lilipojaribu kupita katika maji ya korongo, yakalisomba. Wanafunzi kadhaa walipoteza maisha.

Nimezitaja ajali hizi tatu kwa kuwa kila mtu anazijua, na kwa sababu zina jambo la kutufundisha sisi wa Tukuyu, tunaoishi milimani na kunyeshewa karibu nusu ya mwaka. Dereva wa wanafunzi anapofika kwenye maji yanayopita juu ya daraja, awe na ruhusa ya kusimama na kungoja, hata kama kengele ya shule imeshalia. Ruhusa hiyo itolewe na mwalimu mkuu mapema, kwa maandishi ikiwezekana, isiwe ni suala la dereva kuogopa kufokewa kwa kuchelewa. Hilo nalipita haraka, maana sicho nilichokuja kusema.

Nilichokuja kusema ni hiki. Ajali kubwa za namna hii huja mara chache, na zikija hutangazwa. Lakini kuna vifo vingine ambavyo havina uwanja wala salamu za rambirambi kutoka Ikulu. Ni mtoto mmoja, asubuhi moja, hatua tano kutoka mlangoni mwa gari. Ameshuka salama, gari limefika salama, dereva hana kosa lolote la mwendo, na mtoto anagongwa na gari lingine wakati anavuka kwenda kwao. Polisi wanakuja, vipimo vinachukuliwa, jirani wanakusanyika, na msemo wetu ule unatolewa tena.

Wenzetu Wamarekani, ambao wamekuwa na mabasi ya shule kwa muda mrefu kuliko karibu watu wote duniani, waliligundua jambo hili zamani. Takwimu za serikali yao zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba katika ajali zinazohusu mabasi ya shule, watoto wanaouawa wakiwa nje kwa miguu ni wengi kuliko wanaouawa wakiwa wamekaa ndani kama abiria. Mahali pa hatari ni pale mlangoni na mita chache zinazouzunguka mwili wa gari. Ukifikiri kidogo utaona ni jambo la kawaida kabisa. Ndani ya gari mtoto amezungukwa na bati. Nje amezungukwa na sweta lake tu.

Sasa tuitazame barabara yetu. Ile lami inayotoka Uyole, ikapanda Isongole kwenye baridi na viazi, ikateremka Kiwira, ikapita Katumba na Tukuyu mjini, na kuendelea chini mpaka Kasumulu mpakani na Malawi, haikujengwa kwa ajili ya watoto wa shule. Ni barabara kuu ya nchi mbili. Inapitisha malori ya mafuta, malori ya mbolea, mabasi ya Kyela, na vigari vidogo vya abiria vinavyofukuzana kugombea wateja. Na kandokando yake, kushoto na kulia, kuna nyumba zetu, migomba yetu, magenge yetu ya parachichi, na shule. Jumanne iliyopita nilisimama kando ya barabara hiyo, si mbali na mji, tangu saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya chai. Lori nililisikia kabla sijaliona, na nilipoliona lilikuwa limeshanifikia.

Hebu tufanye hesabu ya darasa la tano. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 katika kila sekunde. Dereva akishtuka leo, mguu wake unafika kwenye breki baada ya sekunde moja hivi, na gari limeshakula mita 22 kabla hata breki haijaguswa. Kama ukungu unamruhusu kuona mita 30 mbele, basi amebakiwa na mita 8 za kusimamisha lori lenye shehena, kwenye lami iliyolowa, na mlima unateremka. Haiwezekani. Si suala la dereva mzuri au dereva mbaya. Na mtoto wa miaka saba upande wa pili hawezi kumsaidia, kwa maana mtoto wa umri huo bado hana uwezo wa kukadiria mwendo wa gari na umbali wake. Anaona taa mbili ukunguni, anadhani ziko mbali, anakimbia.

Hapa nataka mnisikilize vizuri wazazi wenzangu, kwa kuwa kuna mafundisho mawili yanayopingana, na moja likiletwa kwetu linaweza kuua. Huko Marekani mtoto hufundishwa kwamba akishuka, aende mbele ya basi, asogee hatua kumi, amwangalie dereva usoni, kisha avuke mbele ya basi hilo hilo. Ni fundisho zuri kwa nchi yao, maana basi la shule likisimama na kuwasha taa nyekundu, sheria inayataka magari ya pande zote mbili yasimame, na ubaoni pembeni hutokeza alama ya kuyazuia. Mtoto anavuka kwenye barabara iliyonyamaza. Ile rangi ya njano nayo ina historia yake. Mwaka 1939 msomi mmoja wa elimu, Frank Cyr, aliwaita New York wajumbe kutoka majimbo yote 48 ya wakati huo, wakakubaliana rangi hiyo kwa sababu maandishi meusi juu yake yanasomeka hata alfajiri kabla hapajapambazuka vizuri.

Sisi tumeichukua rangi. Taa na sheria ya kuwasimamisha wengine hatuna. Gari letu la njano likisimama pale Ushirika au Kiwira, hakuna lori litakalosimama nyuma yake kwa heshima ya watoto. Litapiga honi na kulipita, tena kwa hasira. Kwa hiyo mtoto wetu anayevuka mbele ya gari la shule ametokea ghafla kutoka nyuma ya ukuta. Dereva anayelipita hamwoni, naye hamwoni dereva huyo, na ndipo wanapokutana.

Fundisho letu basi liwe kinyume chake. Mtoto akishuka asivuke gari likiwa bado limesimama. Akae pembeni, mbali na lami, gari liondoke, barabara ionekane pande zote, ndipo avuke, tena akiwa ameshikwa mkono na mtu mzima. Bahati nzuri magari yetu mengi, hizi Coaster, Rosa na Hiace, yametengenezwa Japani, na Wajapani huendesha kushoto kama sisi. Mlango wake unafungukia upande wa pembeni, si upande wa katikati ya barabara. Mtoto anashukia kwenye nyasi. Nusu ya kazi tumeshafanyiwa na Wajapani bila ya kulipa.

Na iko njia iliyo bora kuliko hiyo. Mtoto asivuke kabisa. Gari linapanda asubuhi na kushuka jioni, au kinyume chake. Njia ya gari ikipangwa kwa akili, watoto wa upande wa kushoto washushwe likiwa linakwenda, na wa upande wa kulia washushwe likiwa linarudi. Kuna mtoto atakayefika nyumbani dakika ishirini baadaye, na mama yake atalalamika. Nadhani ni afadhali malalamiko hayo.

Lakini yote haya nani ayafanye? Dereva ameshika usukani. Mwalimu mkuu yuko ofisini. Anayebaki ni yule mhudumu anayekaa karibu na mlango, ambaye watoto humwita dada na shule nyingine humwita matroni. Huyu ndiye anayefungua mlango na kuutazama mkia wa gari kama kuna bodaboda inayopenya upande wa kushoto. Ndiye anayemshusha mtoto, na ndiye anayeamua kumwachia mkono au kutomwachia. Kwa maoni yangu, katika gari lile hakuna mtu mwenye kazi kubwa kuliko yeye. Na katika orodha ya mishahara ya shule, mara nyingi yuko chini kabisa, jirani na mfagiaji. Shule nyingine humtoa pale ikibana matumizi, na nafasi yake inashikwa na mwanafunzi mkubwa wa darasa la saba, ambaye na yeye ni mtoto. Nyingine humweka, lakini anabeba mtoto mchanga mapajani, mikoba mitano miguuni, na simu sikioni akijibu wazazi wanaouliza gari limefika wapi. Mkono wa kumshika mtoto anayeshuka utatoka wapi?

Mhudumu huyo huyo ndiye anayehesabu. Msidhani kuhesabu ni jambo dogo. Septemba 2022, katika mwezi mmoja, watoto wawili walikufa katika nchi mbili tajiri kwa sababu ya kutohesabiwa. Mmoja alikuwa wa miaka mitatu, Makinohara huko Japani, na mwingine wa miaka minne, Al Wakrah huko Qatar. Wote wawili waliachwa ndani ya gari la shule lililofungwa, juani, baada ya wenzao kushuka. Serikali ya Japani haikusema ajali haina kinga. Iliamuru kwamba kuanzia Aprili 2023 mabasi ya shule za watoto wadogo yafungwe king'ora, na mitambo mingi ya namna hiyo humlazimu dereva atembee mpaka kiti cha mwisho akakizime. Njiani atayaona makochi yote. Sisi king'ora tunaweza tusikipate, lakini kutembea mpaka kiti cha mwisho hakuhitaji fedha za kigeni. Watu wa Tukuyu watasema hapa kwetu jua si kali kama Qatar. Ni kweli, lakini gari hilo hilo mchana linaweza kupelekwa gereji Mbeya, au kushushwa Kyela, na Kyela kuna joto la kutosha.

Nije kwenye giza. Watoto wengi wanaokaa mbali huchukuliwa saa kumi na moja alfajiri ili gari liweze kuzunguka mara mbili, mzunguko wa kwanza na wa pili. Saa hiyo Tukuyu ni usiku. Na sisi kwa sababu ya baridi tumewavalisha sweta za bluu iliyoiva, kijani kibichi au damu ya mzee, rangi ambazo ukunguni hazionekani kabisa. Sina ugomvi na sare za shule. Naomba tu kila mzazi ampelekee fundi cherehani mkoba wa mwanawe, ashonewe mgongoni kipande cha kitambaa kinachong'aa kikimulikwa, kile cha vizibao wanavyovaa watu wa bodaboda. Kizibao kimoja kilichochakaa kinatoa vipande vya mikoba ya watoto wengi.

Habari ya kujaza gari kupita kiasi nitaisema kwa sentensi mbili. Gari lenye viti 26 lina viti 26, hata kama abiria ni wembamba, na kibao kinachowekwa katikati ya viti ili wakae watoto wanne zaidi kinaziba njia ya kutokea. Mzazi anayekiona kibao hicho na akanyamaza asije akasema hakujua.

Kuna msikilizaji ananiambia, sasa hivi kimoyomoyo, kwamba ninazungumza habari za wenye uwezo, na watoto wa wakulima wa chai hawana gari la shule. Ni kweli. Watoto wengi wa Rungwe huenda kwa miguu, na wengine hubandikwa watatu wanne juu ya pikipiki moja kama mshikaki. Lakini barabara ni ile ile, na gari la shule linaloendeshwa vibaya linamgonga pia huyu wa miguu. Zaidi ya hapo, mtoto wa miguu ana kitu ambacho wa gari amekipoteza. Watoto wa kitongoji kimoja hutoka pamoja, wakubwa wakiwatangulia wadogo na kuwashika mikono. Huo ni utaratibu wa zamani sana hapa. Mama Monica Wilson, aliyekaa kwa Wanyakyusa na kuandika kitabu mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyojijengea kijiji chao na kulala na kula pamoja. Vijiji vile havipo tena, lakini desturi ya mtoto kuwa na wenzake haijafa. Wa gari la shule hushushwa peke yake kwenye mlango wa kichochoro, na wenzake wanaondoka wakimpungia mkono dirishani.

Kwa hao wa miguu yapo yaliyokwisha kufanyika nchini mwetu, na hayakuhitaji mabilioni. Shirika la Amend lilianza kazi Dar es Salaam kwa kwenda kwenye shule ambazo wanafunzi wake wanagongwa mno, wakawauliza watoto wenyewe wanavuka wapi, kisha wakaweka matuta, vivuko vyenye milia, njia ya waenda kwa miguu, na pengine kuhamisha tu geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda ya pembeni. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019, na vipimo vilionyesha watoto wanaoumia walipungua kwa zaidi ya robo. Geti kuhamishwa! Katika wilaya yetu naweza kuzitaja shule ambazo geti lake linatema watoto moja kwa moja kwenye lami, na nyuma ya uwanja kuna njia nzuri ya vumbi isiyotumika. Kinachohitajika pale ni mafundi wawili, mifuko michache ya saruji, na kamati ya shule iliyokubali kukutana.

Najua wenye shule watasema gharama zitapanda. Mhudumu wa pili, mafuta ya kuzunguka ili mtoto ashushwe upande wake, muda wa dereva. Zitapanda, sikatai. Lakini sisi wazazi tunalipa fedha ya gari kila muhula bila kuuliza inanunua nini. Tukinunua debe la mahindi pale sokoni tunaingiza mkono mpaka chini kuangalia kama hayajaoza. Kwenye gari la shule hatuulizi hata kama lina leseni ya LATRA ya kubeba wanafunzi, hatumjui dereva kwa jina, wala hatujui nani atamshika mtoto mkono.

Shule zitafunguliwa Januari na vikao vya wazazi vitaitishwa. Kwa kawaida tunazungumza chakula, michango na matokeo, kisha tunapiga makofi na kuondoka kabla ya mvua. Safari hii mimi nimejiandikia maswali matatu katika karatasi, na nitasimama kuyauliza hata kama mwenyekiti atasema muda umekwisha. Mwanangu anashushiwa upande gani wa barabara? Mhudumu wa gari anaitwa nani? Na analipwa shilingi ngapi kwa mwezi?